Maiti wa Kope

Shangazi yangu alifanya kazi ya kupasua maiti kwa miaka ishirini na saba, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuwaita maiti akiwa nyumbani. Aliwaita wagonjwa wake. "Leo wagonjwa wangu walikuwa saba," angesema akivua viatu mlangoni, "na hakuna hata mmoja aliyelalamika kwamba nimemchelewesha." Kisha angeingia bafuni kunawa mikono hadi viwikoni, mara tatu, kwa sabuni ya mche, na mpaka atoke humo haikuruhusiwa kumpa hata kikombe cha maji.

Alinichukua nikiwa na miaka tisa, baba yangu alipofariki. Baba alikuwa kaka yake. Yeye hakuwa na mtoto wa kumzaa, na hakupenda kuulizwa habari hiyo. Mimi aliniita Msomi tangu nikiwa darasa la nne, kwanza kwa kejeli kwa sababu nilisoma nikitembea na kujigonga kwenye nguzo, baadaye kwa mazoea tu. Nilipopata shahada ya ualimu, jina hilo alilitamka mbele za watu kana kwamba ni cheo.

Mochwari yake ilikuwa nyuma ya hospitali, ukuta kwa ukuta na chumba cha kufulia, kwa hiyo harufu ya dawa za kuhifadhia maiti ilichanganyika na ya mashuka yaliyochemshwa. Kulikuwa na meza mbili za chuma, moja ikiwa imeegemezwa tofali kwa sababu mguu wake ulikuwa umeliwa na kutu. Msaidizi wake, mrefu na mwembamba kupita kiasi, aliitwa Mshumaa. Yeye ndiye aliyeosha, aliyeshona, na aliyeandika.

Kulikuwa pia na mizani ya kuning'inia, na mizani hiyo iliharibika. Kwa miaka mitano ilisoma gramu mia tatu, uweke moyo, uweke tofali. Lakini fomu ilikuwa na ukurasa wa tatu, na ukurasa wa tatu ulidai uzito wa kila kiungo: ubongo, moyo, mapafu, ini, bandama, figo. Fomu iliyokosa uzito ilirudishwa na ofisi kuu ikiwa na mstari mwekundu. Kwa hiyo Shangazi alikisia. Kwa uzoefu wake alijua ini la mwanamke wa kilo sitini lina uzito gani, kama fundi cherehani anavyokijua kiuno cha mteja kabla hajashika futi. Mshumaa aliita, "Ini?" naye akajibu huku akinawa, "Elfu moja, mia nne na themanini." "Moyo?" "Mia mbili na sitini." Ofisi kuu haikurudisha fomu tena.

Ukishazoea kukisia uzito wa ini ulilolishika, si vigumu kukisia la yule ambaye hukumfungua kabisa. Ndipo mochwari ikawa na lugha yake. Maiti aliyepasuliwa waliita wa kisu. Aliyetazamwa nje tu, akafunuliwa kope na mdomo, akaangaliwa kucha, kisha akajaziwa fomu nzima na uzito wa viungo ambavyo havikuona mwanga, huyo waliita wa kope. Walikuwa wazee, au watu waliougua muda mrefu, au wale ambao ndugu zao walisimama nje wakiomba wasicheleweshewe mazishi. Daktari wa kazi ile alikuwa mmoja kwa wilaya tano. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, si kwa sababu yeye mwenyewe aliwahi kujitetea hivyo.

Jumanne moja saa nne asubuhi aliletwa mwanamke wa miaka ishirini na tisa. Karatasi iliyokuja naye ilisema pumu. Mumewe, mfamasia mwenye duka lake la dawa, alikuwa amesimama kwenye dirisha dogo la mapokezi, leso mkononi. Mtu huyu alijulikana pale: glavu zilipoisha hospitalini, alikuwa akileta maboksi mawili matatu kama msaada, na hakutaka hata kutajwa. Mshumaa anasema siku ile alilia kwa adabu sana, akifuta jicho moja, kisha jingine. Shangazi alipotoka kumpa pole, alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Asante, Daktari. Hata safari ile ulitusaidia mno. Hatukusumbuliwa."

"Safari ipi?"

"Ya mke wangu wa kwanza. Sasa ni miaka sita. Ulituhurumia, tukazika siku ileile."

Shangazi alirudi ndani. Akafunua kope za yule mwanamke. Ndani yake kulikuwa na vidoa vyekundu vidogo, kama vya ncha ya sindano. Vidoa vya namna hiyo hutokea mtu anapokabwa; hutokea pia kwa moyo mbovu, kwa kikohozi kikali, hata kwa kutapika. Macho peke yake hayawezi kuamua. Ndiyo kazi ya kisu.

"Huyu wa kope?" Mshumaa akauliza, kalamu ikiwa tayari.

"Wa kisu."

"Ndugu wanasema ni pumu, Daktari. Na gari lao liko nje linanguruma."

"Mwambie dereva azime. Mafuta si ya bure."

Kwa nje shingo haikuwa na alama yoyote. Ndani, misuli ilikuwa imevilia damu pande zote mbili, na kile kifupa chembamba cha kooni, chenye umbo la upinde, kilikuwa kimevunjika upande wa kushoto. Mtu alikuwa amembana kwa kitu laini, pengine taulo, akashikilia mpaka mwisho. Mizani ilikuwa imekwisha kutengenezwa mwaka mmoja kabla. Mshumaa alipoita, "Ini?" alimwona Shangazi akilibeba mwenyewe, akilipima, akilitoa, akilipima tena.

Polisi walimkamata mfamasia jioni ile. Kufikia kesho yake alikuwa ameshabadilisha maneno. Sasa alidai mkewe alibanwa na pumu, akayumba, akaangukia shingo kwenye ukingo wa sinki la bafuni.

Mpelelezi wa kesi alikuwa dada mmoja wa makamo yangu, mwenye sauti ya chini na daftari lililofungwa kwa mpira. Alikuja nyumbani Jumamosi. Nilimkaribisha kiti, nikabaki sebuleni, maana mambo ya haki hayakuwahi kunipita bila mimi kutia neno. Wakati ule nilikuwa naandika barua kwa magazeti karibu kila wiki: mara vyoo vya shule, mara mahabusu waliosahaulika. Nchi nzima niliiona kama daftari la mwanafunzi linalosubiri kalamu yangu nyekundu.

"Daktari, nitasema wazi," mpelelezi alisema. "Kwa huyu mmoja, wakili wake atatuletea sinki. Ataleta hata fundi bomba. Lakini wake wawili kwa mume mmoja, sinki haliwatoshi. Nimeitafuta ripoti ya mke wa kwanza. Umeandika ni moyo."

"Niliandika hivyo."

"Moyo, gramu mia tatu na kumi. Mishipa imeziba. Umeeleza vizuri kabisa." Akafunga daftari. "Mimi si daktari. Naomba tu unisaidie: kuna chochote pale cha kutilia shaka?"

Shangazi alitazama mikono yake. "Nipe mpaka Jumatatu, binti yangu."

Mpelelezi alipoondoka, nilianza. Niliuliza Jumatatu ya nini, na kama kuna jambo si aliseme sasa hivi. Nikasema muuaji anakula chakula cha mahabusu akihesabu siku za kutoka, na kwamba ukimya wa wasomi ndio unaoiua nchi hii. Ndiyo, nilisema maneno hayo, katika sebule yake, nikiwa nimevaa soksi alizonifulia yeye.

Alinisubiri nimalize. "Umemaliza hotuba?"

"Shangazi, si hotuba."

"Basi kaa." Nikakaa. "Yule wa kwanza sikumfungua. Hiyo mishipa iliyoziba niliitunga."

Nilidhani anatania. Alikuwa na tabia ya kutania akiwa na uso mkavu.

"Aliletwa Ijumaa," aliendelea. "Mumewe akasema alikuwa na ugonjwa wa moyo, akanionyesha dawa alizokuwa anampa. Mfamasia, mtu wa glavu, nitamkatalia nini? Na ilikuwa saa saba. Gari langu lilikuwa linaondoka saa nane. Kesho yake ni mahafali yako."

Ninayo picha ya siku hiyo. Yuko safu ya mbele, ameinua mikono, mdomo wazi kwa shangwe. Nilikuwa nimemwambia kwenye simu, mara mbili, kwamba asipofika sitavaa joho.

"Kaburi likifukuliwa," alisema, "mifupa itasema yenyewe. Fuvu la mtu niliyempasua lina alama ya msumeno kuzunguka lote. La huyu ni zima."



Jumatatu alikwenda kituoni kwa miguu, akaandika maelezo kwa mkono wake mwenyewe, kurasa tano. Mpelelezi aliyasoma, kisha akayasoma tena, akamuuliza kama anaelewa kwamba kila mtu aliyefungwa kwa ushahidi wake sasa anaweza kukata rufaa. Akasema anaelewa. Hospitali ilimsimamisha kazi siku ya tatu. Nilipotaka kuandika gazetini kuhusu mizani mibovu na daktari mmoja kwa wilaya tano, alininyang'anya karatasi.

"Mizani haikunizuia kushika kisu," alisema. "Usinitafutie mlango wa nyuma."

Mahakama ilitoa amri, na kaburi la mke wa kwanza likafukuliwa asubuhi moja yenye manyunyu. Daktari mwingine alitoka mji wa mbali kuifanya kazi hiyo. Shangazi aliruhusiwa kuwepo, mbali kidogo, bila kugusa kitu. Nilimshikia mwavuli. Upande wa pili wa kaburi alisimama mama wa marehemu, mwanamke mfupi aliyevaa koti la mwanaume, na alipomaliza kututazama alizunguka shimo akaja.

"Wewe ndiye uliyeniambia hakuumia," alimwambia Shangazi.

"Ndiyo, mama."

"Nililala kwa neno lile. Miaka sita nimelilalia."

Yule mama akarudi upande wake.

Fuvu lilikuwa zima. Mbavu zilikuwa nzima. Daktari mgeni aliliinua fuvu, akaligeuza kwenye mwanga, na kila mtu aliyekuwa pale akaelewa kwamba ripoti ya kurasa nne ilikuwa uongo kutoka juu hadi chini. Kisha akatafuta kifupa cha kooni. Alichekecha udongo kwa zaidi ya saa mbili. Alikipata kikiwa vipande vitatu, akavipanga kiganjani, akatikisa kichwa.

"Kwa mwanamke wa umri huu huwa bado hakijaungana," alimwambia mpelelezi. "Kimevunjwa, au kimeachana chenyewe ardhini, siwezi kuapa. Hakuna atakayeweza."

Kwa hiyo Shangazi alikuwa amejiangamiza bure. Hivyo ndivyo nilivyoona mimi. Kazi imekwenda, jina limekwenda, wafungwa wanaandika rufaa, na mfamasia bado ana sinki lake. Mpelelezi naye hakuficha. Alisema kesi sasa imesimama kwa mguu mmoja, na wakili wa mfamasia atauliza swali moja tu: nani atamwamini daktari huyu hata kwa mke wa pili?

Asubuhi ya kutoa ushahidi nilikuwa nampigia pasi gauni lake la kijivu. Aliingia jikoni akiwa na khanga begani, akasimama karibu na meza ya pasi.

"Msomi, kuna jambo sikuliandika katika zile kurasa tano."

Niliweka pasi wima.

"Nilimfunua kope yule wa kwanza. Vilikuwepo."

"Vidoa?"

"Vingi. Vingi kuliko vya huyu wa pili. Na ndani ya mdomo wa chini kulikuwa na mchubuko wa meno. Nikajiambia ni moyo, ni dawa, ni kikohozi. Nikatazama saa ya ukutani. Kisha nikamwambia Mshumaa aandike." Alizungumza polepole, kama anayesoma fomu. "Sikukosa kuona, baba. Niliona, nikafunika."

Sasa sikilizeni nilichofanya mimi, mwandishi wa barua kwa magazeti. Nilikwenda kufunga mlango wa jikoni, ingawa tulikuwa wawili tu nyumbani. Nikamwambia, kwa sauti ya chini, kwamba hakuna anayejua. Kope zimeoza, mdomo umeoza, Mshumaa aliandika tu alichoambiwa. Nikasema kutokufungua ni uzembe, na mzembe hufukuzwa kazi. Lakini aliyeona akanyamaza anaweza kushtakiwa, akafungwa na uzee wake. "Si lazima useme kila kitu," nilimwambia. "Umeshasema vya kutosha."

Hakukasirika, na hilo lilinichoma zaidi.

"Na wewe unataka tumalize kwa kope," alisema. Akachukua gauni lake kutoka kwenye meza, likiwa na mkono mmoja haujanyooshwa, akaenda kuvaa.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, feni moja ikizunguka na nyingine ikitazama. Mfamasia alikaa amenyooka, shati jeupe, nywele zimechanwa. Wakili wake alikuwa mcheshi. Alimsalimia Shangazi kwa "shikamoo, mama," na watu wakatabasamu. Kisha akamkabidhi ripoti ya miaka sita.

"Tusomee hapa, mama. Ini."

"Gramu elfu moja, mia nne na themanini."

"Ulilipima?"

"Sikulipima."

"Uliliona?"

"Sikuliona."

"Mapafu?"

"Sikuyaona."

"Figo? Maana zimeandikwa mbili, tushukuru hata hapo." Mtu mmoja nyuma alicheka, akajikohoza. "Kwa hiyo katika kurasa hizi nne, mheshimiwa jaji aamini nini?"

"Asiamini chochote. Ni uongo wangu wote."

"Na leo tuamini unachosema kuhusu mke wa pili?"

"Wa pili nilimpima. Lakini hukuniuliza nilichokiona kwa wa kwanza."

Wakili aligeuka. Nadhani alijua kwamba asiulize, lakini jaji alikuwa ameshaweka kalamu chini. "Uliona nini?" jaji aliuliza.

Shangazi akasema. Alieleza vidoa, idadi yake kila kope, mahali ulipokuwa mchubuko wa mdomo, hata upande aliosimama mezani. Alieleza maana yake kwa daktari yeyote wa mwaka wa tatu. Akasema mume alikuwa ameshika bahasha ya dawa na alirudia mara mbili kwamba wanataka kuzika siku ileile. Jaji akamuuliza kwa nini hakumfungua.

"Nilikuwa na safari, mheshimiwa. Na niliona nitasumbuka."

Hakutaja ilikuwa ya mahafali ya nani. Nilikaa kwenye benchi la tatu, mikono katikati ya magoti, na sikuinuka kumtajia.

Hukumu ilitoka baada ya wiki saba. Jaji aliandika kwamba shahidi aliyekuwa na kila sababu ya kunyamaza, na ambaye kila neno lake lilimwongezea mzigo yeye mwenyewe, alistahili kuaminiwa kuhusu jambo lile moja. Wake wawili, mume mmoja, alama zilezile, haraka ileile ya kuzika. Mfamasia alitiwa hatiani kwa yule wa pili, na kesi ya wa kwanza ikafunguliwa upya. Siku hiyohiyo mwendesha mashtaka alimpa Shangazi karatasi ya wito wake mwenyewe, kwa kosa la ripoti ya uongo. Aliipokea kwa mikono miwili, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye mkoba.

Nje kwenye ukumbi watu walikuwa wakikumbatiana. Mama wa mke wa kwanza alitupita, koti lake likiwa mkononi, hakutazama upande wetu. Nikamshika Shangazi kiwiko nimwondoe haraka. Hapo dada wa mke wa pili alitutokea mbele. Tulikuwa tumemwona kila siku ya kesi, amekaa safu ileile, bila kulia. Alikuwa mkubwa kwa marehemu kwa mwaka mmoja tu. Watu walisema walifanana kama mapacha.

Nilianza kusema pole. Hakunitazama.

"Daktari, nina swali moja. Nijibu kama ulivyomjibu jaji."

"Uliza, mwanangu."

"Mdogo wangu aliolewa mwaka mmoja baada ya mke wa kwanza kuzikwa. Kama siku ile ungeandika ulichokiona, huyu mtu angekuwa wapi?"

Nilihisi kiwiko cha Shangazi kikitoka mkononi mwangu.

"Gerezani," alisema.

"Mdogo wangu angemjua?"

"Asingemjua kabisa."

Yule dada aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa karatasi aliyoifuata mbali. "Mama yuko nyumbani, hakuweza kuja," alisema. "Anataka kulisikia hilo kutoka kwako, si kutoka kwangu. Utakuja?"

"Lini?"

"Sasa."

Shangazi alinipa mkoba nimbebee, kisha akabadili wazo akauchukua tena. Akaniambia nirudi nyumbani. Nilisimama kwenye ngazi za mahakama nikawatazama wakiondoka kwa miguu, wanawake wawili, hatua moja kati yao.